Shemeji aliyetuchelewesha sasa anataka nafasi yangu ya hospitali

Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, ninauza makala, yaani mkaa, mbele ya nyumba yangu huku mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi. Nilisoma kwa masista hadi mwaka wa sita tu, mnisamehe nitakapokosea. Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu ndugu za marehemu bwana yangu wanasoma hapa, na mmoja wao amelala chumba cha pili ninapoandika.

Bwana yangu alifanya kazi kwenye tanuri la shaba tangu ujana. Alikuwa mtu wa kimya. Sabuni alikuwa akiinusa kwanza kabla ya kuinunua, hata kama ni ile ile ya kila wiki, na wauzaji walimcheka. Alipofikia pensheni, kampuni ilimweleza sheria: anayestaafu anaendelea kutibiwa katika hospitali ya kampuni pamoja na mke wake, lakini ni lazima waende wote wawili kujiandikisha upya, kwenye kadi ya wazee, ndani ya miezi mitatu. Ikipita, basi. Siku ile ile nilipiga pasi kikwembe, kitenge changu cha kupigia picha ya kadi.

Lakini katika ukoo wao mdogo haitwi mzee kabla kaka yake mkubwa hajampokea. Ukiacha kazi unarudi kijijini, mkubwa anakunawisha mikono kwa maji ya unga mbele ya watu, mnakunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndipo unakaa kati ya wazee. Bwana yangu aliona kwamba kuweka picha yake kwenye kadi ya wazee kabla ya kunawishwa ni kumruka kaka yake, kama vile anamtakia kifo. Na kaka akatuma neno kupitia dereva wa lori: tungoje mavuno, maana munkoyo wa mahindi ya kununua ni aibu.

"Baba, twende kwanza tuandikishe," nilimwambia. "Munkoyo tutakunywa kisha."

"Na Yaya akisikia?" aliuliza, maana ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa.

"Atakasirika. Kasirani haiue muntu."

"Kwetu inaua," alinijibu, akacheka kidogo, akaendelea kupangusa viatu vyake vya kazi ambavyo hakuwa na mahali pa kwenda navyo.

Mahindi yalipokomaa tukaenda. Sitasema uongo, ilikuwa siku nzuri. Bwana yangu alinawishwa, akalia mbele ya watu. Kesho yake nilimwendea shemeji nikamwomba aturuhusu kuondoka, kwa kuwa siku za kujiandikisha zilikuwa zinaisha.

"Mulamu, shemeji yangu," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "ile biro ya kuandikisha watu iko na miguu? Itakimbia kwenda wapi? Mubakie kwanza. Mudogo yangu hayashiba."

Watu wakacheka. Tukabaki.

Tuliporudi mjini, tulimkuta karani kijana kwenye ofisi ya kampuni, amevaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, iliyonyooka vizuri. Alitazama karatasi, kisha akatutazama sisi.

"Situayen, mulikuwa wapi zamani yote?" aliuliza, akituita raia kwa Kifaransa.

"Ku mugini kwa Yaya, mwana. Banatunawisha mikono."

"Basi mumenawa muzuri. Lakini mulango imefungwa."

Mwenzake wa meza ya pili alicheka. Bwana yangu alivua kofia, akasema, "Aksanti, mwana," tukatoka.

Mvua zilipoanza, kifua kikamshika, lile vumbi la miaka yote. Nilimpeleka hospitali ya kampuni. Mlinzi wa mlango alikuwa amefanya kazi naye tanurini. Alimshika mkono kwa muda mrefu, lakini hakufungua. Tukaenda hospitali ya serikali, ambako hata sindano unaitafuta mwenyewe. Aliniomba nimgeuzie mto, kwa sababu alipenda upande wa baridi. Nikaugeuza, nikatoka kwenda kutafuta sindano. Niliporudi nayo walikuwa wamemfunika uso.

Kwenye matanga kaka yake alisimama akasema bibi za mjini hawajui kuchunga bwana. Akaondoka na koti la marehemu na baiskeli yake.

Sasa shida yangu ni hii. Mwanangu wa kwanza amepata kazi kampuni ile ile. Kijana ambaye hajaoa anaweza kuandikisha mzazi mmoja, au anayesimama mahali pa mzazi, atibiwe, mmoja tu, na habadilishi tena. Mwisho ni mwezi huu. Alikuja mbio kuniambia nitakuwa mimi. Wiki ile ile shemeji alifika toka kijijini, miguu imevimba, pumzi fupi. Muuguzi amesema ni moyo.

"Mimi njo baba yake sasa," anasema. "Mwana anaandika baba mbele ya mama." Safari hii hazungumzii mavuno. Kila asubuhi anauliza kama mtoto amekwisha kufika biro.

Mimi nina presha. Vidonge nimeambiwa nimeze kila siku, lakini ninavimeza makala yanaponunuliwa. Ninampikia uji usio na chumvi, ninamwosha miguu ile, naye ananiambia, "Mulamu, weye ungali na nguvu. Si unabeba makala?" Kuna wakati ninamhurumia, maana ana pua ya bwana yangu na anakohoa kama yeye. Kisha ninakumbuka kicheko cha kule kijijini, na ninauacha uji ushike chini ya sufuria.

Mwanangu ameniambia, "Mama, sitaki ukoo inilaani, na sitaki kukuzika. Sema weye. Jina utasema, njo ile nitaandika."

Jumapili baada ya misa anakuja kuchukua jibu, na mzee atakuwa ameketi hapo hapo akisikiliza. Nishaurini mapema, ndugu zangu: nitaje jina la nani?