"Mugongo Ilikufa"

Jumanne, kwenye kituo cha afya hapa Baraka, nilikaa benchi moja na mama mkulima na mume wake. Mgongo ulikuwa ukimsumbua mama tangu msimu wa kupanda mihogo. Muuguzi alimpima, akamwambia hakuna mfupa ulioharibika, kisha akashika karatasi ya maswali.

"Mama, unawaza utarudia kulima?"

"Hapana, muganga. Mugongo ilikufa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Hii njo jibu lenye naogopa. Wenye banasema vile, mara mingi banabakia mu nyumba. Mugongo inauma, mama. Haiyakufa."

Mume akaingilia. "Miye namusaidia, muganga. Nachota mayi, napika bugali. Hata kikombe sipendi ainue."

"Baba, unamupenda, lakini unamuzika polepole. Leo umuachie kikombe, kesho ndoo kidogo."

Mama akacheka, mkono mdomoni. "Na bugali yake iko na mabonge."

Nimefundisha watoto miaka mingi, na sikucheka. Nilikuwa nawakumbuka wale niliowaambia kwamba hesabu imewashinda. Waliniamini.

Walipotaka kuondoka, mume aliinama amshike mkewe makwapani. Muuguzi akatikisa kichwa. Baba yule akafunga mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na mama akainuka mwenyewe, taratibu, huku mumewe akihema kwa ajili ya wote wawili.