Sauti Kwanza, Rangi Baadaye

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mama Mafaili, kama wenzake wanavyomwita, anagusa kioo cha kompyuta kwa kidole na kunong'ona: "Kutoka kule, kuja hapa." Ndipo anabonyeza.

Kule ni mashine ya kukodi ya kuhifadhia mafaili, iliyo katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Hapa ni kompyuta ya mezani pake, katika ofisi ya vyumba viwili inayotunza mafaili ya watu. Leo saa sita kamili muda wa kukodi unakwisha: mashine ya kule inazimwa, na kila kilichomo kinafutwa.

Mwaka wake wa kwanza kazini, miaka tisa iliyopita, aligeuza njia. Folda tupu ya hapa ikafunika folda iliyojaa ya kule. Picha za harusi arobaini zikayeyuka.

"Nililia mpaka kamasi," anasema akicheka. "Tangu siku hiyo kidole kinatangulia."

Leo mtandao unajikokota. Bosi ameagiza video za matangazo za kiwanda cha rangi zije kwanza. Lakini kwenye benchi ameketi mwalimu mstaafu, kofia magotini. Marehemu mkewe aliwarekodia hadithi watoto wasioona kwa miaka sita, na sauti zote ziko kule.

"Binti yangu, zitafika?"

"Zitafika, baba. Ila usiikodolee macho hiyo kompyuta, itaona haya isimame."

Anaanza na sauti.

Saa tano na nusu sauti zote zimeshafika. Kuhesabu mafaili hakumtoshi. "Faili linaweza kufika na jina lake, tumboni halina kitu." Anafungua moja. Mwanamke anakohoa kidogo, kisha: "Haya wanangu, tulieni. Na wewe mume wangu, acha kuburuta viti huko!"

Mzee anafunika uso kwa kofia. "Ni mimi huyo," anasema. "Nilikuwa natafuta miwani."

Saa sita, kule kunazimika. Video za rangi zimefika nusu. Bosi anatoka chumbani kwake, jasho likimtiririka.

"Dada, yule ndiye mteja wetu mkubwa! Mpigie umwombe radhi, au utafute pengine pa kwenda."

Mama Mafaili anaendelea kunakili sauti kwenye diski. Wiki ijayo anapanga kuzipeleka mwenyewe shuleni kwa wale watoto.

"Rangi bado zipo, bosi. Watapiga video nyingine, hata taa nitawashikia. Huyu mama nani atamrekodi tena?"

"Nimesema radhi!"

"Nimesikia. Siombi."