Sumaku Ilitudanganya Kulamawe

Habari ya kifo cha fundi wetu wa vyuma niliipata kwa simu, asubuhi, katika kundi la mtaa wetu ambalo kazi yake kubwa ni kutangaza mbuzi waliopotea na kuua watu ambao hawajafa. Sikuamini. Si zamani kundi hilohilo lilimzika mwalimu mstaafu ambaye jioni yake nilimkuta sokoni akichagua nyanya. Basi nikavaa viatu nikaenda kuhakikisha mwenyewe. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, siku ambayo karakana yake ilisikika kabla hujaiona, lakini nilikuta mlango umefungwa kwa mnyororo, na akina mama wanaouza maziwa ya ngamia wameketi mbele yake. Mmoja wao akaniambia, "Ni kweli, mwandishi. Ni kifua. Hospitali alienda juzi akitembea na miguu yake."

Akina mama hao walimjua kuliko wengi wetu. Mafundi wa kuchomelea hapa Isiolo wanaamini kwamba anayechoma chuma kilichopakwa zinki lazima anywe maziwa, yausafishe ule moshi mweupe mtamu unaoingia kifuani. Yeye alikunywa kikombe kabla ya kazi na kikombe baada yake, miaka yote. Siku moja nilimuuliza maziwa yanafikaje kwenye mapafu ikiwa njia yake ni ya tumboni. Akacheka mpaka miwani ikamteremka. "Mwandishi, wewe hata maziwa unashuku!" Ndiyo, nilishuku, na bado nashuku. Mji mzima ulikuwa tayari kumuuzia maziwa, na sikumbuki mtu aliyewahi kumletea kitu cha kuziba pua.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kushuku ndiyo tabia yangu, na wengine wanasema ndiyo kazi yangu. Tulijuana kwa sababu hiyo. Serikali za kaunti zilikuwa zimeingia, kila mwenye kiwanja akawa anajenga, na kila mwenye shati lenye kola akawa kontrakta. Vyuma vilishuka mjini kwa malori: nondo, mabomba, mabati, vyuma vya pembe, vingine vikiwa vyembamba hata ungeweza kuvikunja kwa goti. Nikaenda kwake kutengenezesha geti, na kabla hajapima nikamuuliza kama chuma chake ni kamili ama ni ganda. Hakukasirika. Aliwasha grainda, akakata kipande mbele yangu, akanipa nishike unene wake, kisha akaanza kunifundisha kana kwamba nimelipa karo. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu za njano. Chuma cha kusubu, kile cha majiko mazito, cheche zake ni fupi na nyekundu, na ukikigonga kwa nguvu hupasuka badala ya kupinda. Shaba nyekundu inapitisha umeme vizuri, ndiyo maana nyaya zetu huibwa. Ukiichanganya na zinki unapata shaba ya njano, ile ya koki na makufuli. Alumini ni nyepesi na haioti kutu, lakini usiipe kazi ya kubeba mzigo wa chuma. "Chuma ni kama hawa watu wetu," aliniambia. "Kila moja iko na kazi yake. Shida ni kudanganyana majina."

Nilimwona siku moja akihudumia mama mmoja aliyetoka Oldonyiro na bangili iliyokatika. Mama alikuwa ameuziwa kama shaba tupu, akataka iungwe kabla ya harusi ya binti yake. Fundi aliipitishia tupa mara moja tu, na chini ya ule unjano pakatokea weupe wa chuma. Mama akakaa chini kwenye vumbi. Fundi angeweza kuiunga, akapaka, akanyamaza, na mama angeondoka na furaha yake. Badala yake alimwambia, "Mama, hii nikiichoma rangi itaisha yote. Mrudishie mwenye aliuza, umwambie mimi ndiye nimekwaruza." Mtu wa namna hiyo hapendwi na wafanyabiashara, na yeye hakupendwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza. Kulamawe walichimbiwa kisima kirefu. Maji yalipatikana, lakini yalikuwa na chumvi, na mabomba ya kushusha pampu yalihitaji kuwa ya chuma kisichoshika kutu, kile ambacho sisi sote tunakiita stenlesi. Komiti ya maji ilimwomba fundi ayakague mabomba ya kontrakta kabla hayajashushwa. Kwanza aliagiza mtungi wa maji ya kisima chenyewe. Akakata kipande cha bomba, akakitumbukiza katika kopo la maji hayo pamoja na vipande vya vyuma vingine, akaweka kopo rafuni, akasema tungoje wiki tatu. "Maji yenyewe ndiyo itasema," aliwajibu waliomharakisha. Mimi nilikuwa nikipita pale kila siku, na mara mbili nikaona gari la kontrakta limeegeshwa mbele ya karakana. Wiki tatu za nini, nikajiuliza, kama si kungoja kuzungumziwa vizuri?

Siku ya kupokea mabomba nilikwenda Kulamawe. Fundi alisema kipande chao kimetoka koponi bila kutu, na alikuwa ameyapitisha yote. Ndipo akasimama mzee mmoja wa Kiborana, abba herega wa pale, yaani mwenye kupanga zamu za mifugo kisimani, mtu ambaye neno lake halirudiwi. Alitoa sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio. Kila mnunuzi wa vyuma chakavu Isiolo anatembea na sumaku kama hiyo, na sheria yake anaijua kila mtu: ikishika ni chuma cha bei ya chini, isiposhika ni kitu cha maana. Mzee akaipitisha juu ya bomba. Katikati haikushika. Kwenye meno ya mwisho, pale bomba linapofungiwa na lingine, ikashika kidogo.

"Fundi, hii imeshika," mzee akasema.

"Imeshika kwa meno tu, mzee. Hapo mashine imeiminya, na stenlesi ikiminywa inashika kidogo. Jaribu katikati."

"Kitu ikishika imeshika."

"Hiyo sheria ni ya kununua skrapu, mzee wangu. Si ya kisima."

Watu walicheka, na hawakuwa wakimcheka mzee. Nami nilicheka. Nikarudi nyumbani nikaandika katika safu hii habari za fundi mmoja wa mji wetu, wiki zake tatu, na gari lililokuwa likiegeshwa mlangoni pake. Jina sikulitaja, nikajiona mwungwana. Lakini Isiolo ina mafundi wangapi wenye kopo la maji rafuni? Kabla wiki haijaisha watoto walikuwa wakimwita "Sumaku" akipita. Kazi za shule, za kanisa, za komiti, zote zikahamia kwingine. Mabomba yakarudishwa, akaletwa kontrakta wa pili na mabomba yanayong'aa kama vijiko vya harusi, na sumaku haikushika popote, hata kwenye meno. Tukapiga makofi. Fundi alituma ujumbe kwamba stenlesi ile imepunguzwa nikeli na kujazwa manganizi, madini ya bei rahisi, kwamba sumaku haiwezi kuona tofauti lakini chumvi itaiona. Komiti ikasema ni wivu. Nakumbuka nami nilisema ni wivu.

Mvua mbili hazikupita. Pampu ilipong'olewa, mabomba yalikuwa yametoboka kama chujio la chai. Akina mama wa Kulamawe wakarudi kubeba mitungi kutoka mbali, na mifugo ya wengine ikahamishwa. Yule abba herega alikuja mjini, akaingia kwangu, akatoa salamu, akaweka kipande cha bomba lililotoboka juu ya meza yangu. "Mimi nilishika sumaku," alisema, "lakini wewe ulishika kalamu. Mimi nimetoka kwa fundi kuomba msamaha. Wewe umeenda?"

Sikuwa nimekwenda. Nilikwenda kesho yake, nikamkuta akinoa patasi, na badala ya kusema lililonipeleka nikaanza kulaumu kontrakta, kaunti, waagizaji, dunia nzima. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Ile gari ulikuwa unaona ilikuwa inakuja kuniharakisha, nami nakataa. Si ungekuja tu uniulize? Kwako hadi hapa ni hatua ngapi?" Nikasema nitaandika kurekebisha. Akaitikia kwa kichwa. Sikuandika. Kila wiki palitokea jambo lililoonekana kubwa zaidi, na ukweli ni kwamba niliona haya.

Mazishini nilisimama nyuma. Kontrakta wa mabomba ya pili alikuwa mbele, na shada kubwa kuliko yote, akimsifu marehemu kwa uaminifu. Nilimtazama nikamshuku, na nadhani safari hii sikukosea, ingawa sina la kuonyesha na hivyo sitaandika zaidi. Mke wa marehemu alipofika kwangu katika kushukuru watu aliushika mkono wangu, asiuachie upesi.

"Wewe ndiye uliandika ile ya mabomba?"

"Ni mimi, mama."

"Basi andika ingine."

Mama, ndiyo hii. Mabomba ya kwanza ya Kulamawe yalikuwa mazuri. Mume wako hakuhongwa na mtu yeyote. Alingoja wiki tatu kwa sababu chumvi haina haraka, nami nikauita uangalifu wake rushwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi ambaye kuuliza ndiyo mkate wangu sikuuliza. Sitaacha kushuku, maana mji huu bado una mabomba mengi yanayong'aa. Lakini anayeshuku ana wajibu wa kupima, na yule niliyemshuku ndiye peke yake kati yetu aliyepima. Alistahili kuyasoma haya akiwa hai, akinywa maziwa yake, na mimi ndiye niliyemnyima.