Bi Zuhura na Msikiti wa Mawe

Ipo asubuhi moja ya kipupwe ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, namshukuru Mungu kwamba sikuwa peke yangu.

Nilikuwa msichana, hata kuolewa bado, nikifanya kazi kwa mjomba wangu aliyekuwa na chumba cha kupigia picha hapa Mocímboa. Mjomba alinifundisha mwenyewe kushika kamera, kupima mwanga na kusafisha picha gizani. Watu walishangaa kumwona binti na kamera shingoni, nami, Mungu anisamehe, nilipenda washangae.

Profesori mmoja wa shikola, yaani mwalimu wa shule, mtu wa Zambézia aliyeletwa huku na serikali, aliomba picha za magofu ya msikiti wa mawe yaliyo upande wa Quiterajo. Alitaka wanafunzi wake wajue kuwa pwani yao ilikuwa na wajenzi zamani. Mjomba alikuwa kitandani na homa, basi akanituma mimi. Na kwa kuwa binti haachwi kutembea porini peke yake, nilifuatana na Babu Anli, kaka yake bibi yangu, mzee wa maneno machache na kikohozi kingi.

Magofu yale yana msimu wake. Wakati wa mvua majani huyafunika, unaweza kupita kando yake usijue. Lakini kipupwe kikiingia, kusi likavuma na nyasi zikakauka, kuta hujitokeza zenyewe. Tulifika baridi ikiwa bado inauma, Babu Anli amejifunga blanketi mpaka masikioni. Kuta zilisimama nusunusu, mizizi imezikumbatia, chokaa imebanduka hata matumbawe yakaonekana. Mihrabu, pale anaposimama imamu, ilikuwa nzima. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilipiga, nikapiga, mpaka ikabaki picha moja tu kwenye filamu. Hiyo niliiwekea mihrabu, kwa sababu jua lilikuwa bado halijaifikia.

Tukiwa tunalingoja jua, akaja mama mmoja mzee ameshikwa mkono na binti yake. Ndiye Bi Zuhura. Macho yake yalikuwa yamefunga, haoni ila mwanga. Walikuja kuzuru makaburi ya wazee wao nyuma ya msikiti. Tukasalimiana, akauliza mimi ni mtoto wa nani, Babu Anli akamtajia ukoo wetu mpaka wakakuta wanapokutana. Binti yake alipomwambia kwamba nina kamera, Bi Zuhura akaniomba nimpige picha.

Alikuwa na mwana wa kiume, Sumaila. Alivuka Ruvuma kijana mdogo wakati wa vita vya uhuru, akabaki Mtwara, akaoa huko. Salamu zake zilikuwa zikija, mwenyewe haji. Mama alitaka picha ampelekee.

Nilimjibu kwa adabu, lakini jibu lilikuwa hapana. Nilimwambia filamu imebaki picha moja na ni ya profesori, aje mjini siku yoyote nitampiga. Fikiria, mwanangu, namwambia aje mjini mama asiyeona njia! Yeye hakuninung'unikia. Alisema haidhuru, akamwambia binti yake waende makaburini.

Babu Anli akaniita pembeni. Hakupandisha sauti.

"Mjukuu wangu, mawe haya yamekuwapo kabla ya babu yangu. Ukirudi mwezi ujao utayakuta. Huyu mama, una hakika utamkuta?"

Nilinuna. Nilimwogopa profesori, na mjomba nilimwogopa zaidi. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamfuata Bi Zuhura, nikamuuliza angependa akae wapi. Akaomba apelekwe kwenye mihrabu. Gofu ni gofu, alisema, lakini marehemu mumewe alimfundishia Sumaila Alhamdu pale pale. Akapapasa ukuta mpaka akaridhika, akaitengeneza kanga yake kichwani, akauelekeza uso wake kwenye sauti yangu.

"Mimi sitaiona," alisema. "Ataiona yeye."

Nikapiga.

Profesori hakufurahi. Alisema mihrabu imezibwa na mtu. Nikarudi tena kabla ya mvua, na kweli, mihrabu ilikuwa pale pale ikinisubiri. Picha ya Bi Zuhura tulimpa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka mto kwenda Mtwara.

Haikupita muda mrefu, mtu mmoja akasimama mlangoni petu na begi lake, vumbi mpaka kwenye kope. Aliuliza kama mimi ndiye niliyempiga mama yake. Nikamkaribisha, hakukaa.

"Kichwani mwangu mama alikuwa bado yule niliyemwacha, anatwanga na kuimba," alisema. "Nilipoona alivyozeeka, sikuweza tena kukaa kule."

Sumaila alikaa na mama yake, akimlisha kwa mkono wake, mpaka Ramadhani iliyofuata, mama akafariki. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Niliposikia nilikwenda kumshukuru Babu Anli. Akakohoa, akaniambia kama nina shukrani nimletee tumbaku ya kunusa. Nikampelekea.

Mwanangu, vita hivi vya juzi vilitukimbiza hadi Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Chumba cha mjomba kiliungua na picha zake zote. Tumerudi, alhamdulillahi, na mengi nimeyalilia. Ile siku ya kipupwe siililii. Wema hauozi, hata moto haukuufikia.

Sasa nyie mna simu, picha hazihesabiki. Nendeni magofuni, pigeni, ni haki yenu kujua mlikotoka. Lakini ukiwa na kazi mkononi na mtu mzima akakuomba kitu kidogo, usimwambie kesho. Kesho si yako kuigawa. Na mkubwa akikukemea, nuna ukitaka, hakuna atakayekukataza. Tii kwanza, ununie njiani. Na kama mama yako yuko mbali, usingoje uletewe picha yake ndipo ufunge begi.

Mola akujaalie wakubwa wasioogopa kukukemea, na umri wa kutosha kuwashukuru. Kila urudipo nyumbani, akukutanishe na wako wakiwa hai. Amina.