Mwito Usio na Mwitikiaji

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya ngozi ya ngoma ikiota moto. Nilikuwa kijana, karani wa jumba la makumbusho ya ngoma na maigizo pale Ufukoni, na tulikuwa tunarekodi nyimbo za kikundi cha Bi Asumini kwa ajili ya maktaba yetu. Yeye aliita, wanawake wenzake wakaitikia, na kila mwito ulikuwa na jibu lake, kwa Kimakonde.

Mkuu wetu alitaka sauti yake isikike safi. Akawaomba waitikiaji wanyamaze.

"Niite peke yangu, kama kichaa wa sokoni?" Bi Asumini akauliza. Wenzake wakacheka.

"Kuitikia kila mtu anajua, mama," mkuu akasema. "Nani atakuja kuuliza hilo?"

"Haya, wanangu. Mmebeba kinu, mchi mmeuacha."

Akaita. Kati ya mwito na mwito ilisikika ngoma tu. Wanawake walikuwa wamejiziba midomo kwa kanga. Kanda ilitoka safi kweli, tukafurahi.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Wanawake wale wote wameshazikwa, wengine hapa mjini Magomeni, wengine vijijini kwenye mikorosho. Jumba lenyewe linavuja, barakoa za ngoma ya mapiko zimeliwa na mchwa. Nami, ingawa nimestaafu, huenda kufungua madirisha, basi tu.

Mwezi uliopita alikuja Somoe, kitinda mimba wa Bi Asumini, mgonjwa, ameshikwa mkono na mwanawe. Alilelewa mbali, kwa baba yake, Tanga.

"Kaka, nataka nimwitikie mama kabla sijamfuata. Nitafuatisha wenzake wanavyoitika."

Nikawasha mashine. Bi Asumini akaita. Ngoma ikalia. Akaita tena. Somoe akafungua mdomo, akaufunga.

"Mbona hawaitiki?"

"Waliambiwa wanyamaze."

"Na wewe ulikuwepo. Walikuwa wanasemaje?"

Mimi mtu wa Mikindani. Kimakonde nakisikia juu juu. Nilimwambia sijui.

"Basi zima, kaka. Ananiita tu, nami sina la kumwambia."

Nilizunguka kuuliza, toka Magomeni hadi vijiji vya mdomo wa Ruvuma. Kila mlango ni lile lile: "Babu, huo hatuujui." Somoe tumemzika Ijumaa.

Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo sikudanganyi kwamba liko la kufanya kuhusu wimbo ule. Nakuusia wewe. Ukitaka kutunza kitu cha watu, anza na kile ambacho kila mtu anakijua, maana hicho ndicho hakuna anayejisumbua kukiweka. Kaa na bibi yako akiwa hai. Usimsikilize tu, mwitikie, ukosee, akurekebishe.

Mwenyezi Mungu akupe umri, mwanangu, na siku utakapoita, akupe wa kukuitikia.