Asteria Anasubiri Masafa

Vifaa vipya vya intaneti vya Asteria vilifungwa juu ya mnara wake huko Ushetu mahindi yakiwa machanga. Sasa mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na vifaa vilikuwa bado havijawashwa. Ombi lake la kutumia masafa mapya lilikuwa mamlaka ya mawasiliano, na kila alipopiga simu aliambiwa linashughulikiwa. Masafa ya zamani, yaliyo wazi kwa kila mtu, yalishajaa. Kila muuza intaneti alitundika antena yake, mawimbi yakawa yanavurugana.

Aliyeumia zaidi ni mteja wake mkubwa, chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Siku ya soko mzani wao hutuma uzito wa kila belo, yaani robota la tumbaku, kwenye mfumo. Mtandao ukikwama, soko linakwama.

"Mama Juliana," Nkwabi, mwenyekiti wa chama, alimwonya Asteria, "soko lijalo likilala tena, namwita yule mtu wa intaneti wa Kahama. Nakuheshimu, lakini tumbaku haijui heshima."

Soko lilipofika, mabelo yalipita mbiombio. Badala ya kufurahi, Asteria alimwita Enock, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye fundi wake.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimeviwasha vile vifaa vipya." Enock alicheka. "Kifaa kinauliza kiko nchi gani. Ukijibu Tanzania, kinafunga yale masafa. Nimekiambia kiko nchi nyingine, kimefungua yote. Huko machimboni Geita mafundi wanafanya hivyo kila siku. Kifaa kitajuaje?"

"Mimi nimeshajua."

"Basi ngoja jioni, soko liishe."

"Ili nidanganye mchana kutwa?"

Wapo wasemao hewa haina mwenyewe. Hao ndio walioyajaza masafa ya zamani hadi yakawa hayawafai wao wala jirani zao. Asteria alifungua kompyuta, akakirudisha kifaa Tanzania. Masafa mapya yakajifunga, mtandao ukarudi kwenye yale yaliyojaa, na mzani ukaganda.

"Mama, tulale hapa?" mkulima mmoja alipaza sauti. "Mke wangu kaagiza sukari, nimpelekee belo?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kunung'unika. Nkwabi akaja.

"Shikamoo, baba mwenyekiti. Nimekata mwenyewe. Tulikuwa tunatumia masafa tusiyoruhusiwa."

"Marahaba." Nkwabi aliugeukia mzani uliokwama. "Ungeninyamazia tu, mama."

"Nisingeweza."

"Wabeja. Nashukuru umesema kweli. Lakini hawa watu wana watoto wa kulisha." Akatoa simu, akampigia mtu wa Kahama pale pale, Asteria akisikia.

Wiki hiyo hiyo Asteria alipanda paa la chama, akaishusha antena yake. Enock alimshikia ngazi.

"Tumebaki na nani?" Asteria aliuliza alipofika chini.

"Zahanati na sekondari, basi."

"Beba ngazi. Mganga wa zahanati anasema panya wamekula waya wake."