Hatahama Mtu

Mama mkwe wangu alikuwa mkali wa hodi. Siku niliyofika kwake Kakese, mke mpya kutoka Ufipa, vumbi la lori limenijaa hadi kwenye kope, nilipiga hodi moja, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi nikaingia. Akanirudisha nje. "Hodi ni tatu," alisema bila hata kuinuka kwenye kigoda. "Ukijibiwa, pita. Ya tatu isipojibiwa, nenda zako." Nikatoka, nikasimama juani na kapu langu kichwani, nikazipiga zote kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Akasubiri ya tatu ndipo akajibu. Mume wangu alikuwa pembeni akicheka chini chini, nami nikamnunia hadi kesho yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe. Vyumba vyake vilizunguka ua wa katikati, kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala kwenye dirisha, na paa lilikuwa bapa, magogo juu yake udongo. Aliijenga babu yake mama mkwe, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo katika misafara ya pembe za ndovu, enzi ambazo watu walijenga wakifikiria maadui. Sisi hatukuwa na maadui. Tulikuwa na panya, na tulikuwa na udongo uliodondoka kutoka darini moja kwa moja kwenye ugali. Mume wangu alisema hiyo ndiyo chumvi ya ukoo.

Mimi nilitaka bati, nasema wazi. Miaka ile ya hamsini Mpanda nzima ilikuwa imelewa bati. Mgodi wa madini ya risasi ulileta mishahara, reli ilikuwa bado mpya, na kila kijana aliyeshushwa shimoni mwezi mmoja alirudi kijijini anabomoa tembe la babu yake ili ajenge nyumba ya kupiga kelele mvua ikinyesha. Mume wangu naye alikuwa mgodini. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuegemeza ngazi.

Kitu kimoja tu cha nyumba ile nilikipenda tangu mwanzo, nacho ni mlango. Ulikuwa ubao mmoja mzima wa mninga, umechongwa kwa tezo, na katikati una mapambo ya duara yaliyolainishwa na mikono ya watu. Haukuwa na bawaba. Ulizunguka kwa vigingi vyake wenyewe, kimoja juu na kimoja chini, ukitoa mlio mzito ambao mama mkwe alisema ni wa babu yake akikohoa.

Basi siku moja ya gulio, tukiwa tumetandika karanga na mihogo yetu, tarishi wa Baraza akatokea. Alikuwa mzee mrefu mwenye tarabushi nyekundu, na desturi yake ilikuwa kupiga debe tupu kwa fimbo hadi watu wanyamaze. Akapiga. Watu wakanyamaza. Akatangaza kwamba Baraza la Mtemi limekaa na Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, limeona kuwa matembe ya kale yanakwisha, na kwamba lile la Kakese ndilo kubwa lililobaki. "Kwa hiyo," akapaza sauti, "kuanzia sasa nyumba ile itahifadhiwa!"

Gulio zima likageuka kumtazama mama mkwe, na jirani yetu mmoja akaanza kulia.

Inabidi nieleze neno hilo, maana hata mimi mgeni ilinibidi nielezwe. Miaka ya nyuma watu wa maporini, upande wa Katavi, walihamishwa kwa sababu ya malale. Waliambiwa mbung'o wamezidi, waje waishi pamoja mahali palipofyekwa. Wakaja. Baadaye wakasikia kwamba pori lao sasa ni hifadhi, na aliyethubutu kurudi hata kuchimba viazi vyake alikamatwa. Tangu hapo, kwa watu wetu, kitu kikihifadhiwa maana yake wenyewe wanafungasha. Mama mkwe alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Aliolewa huko porini, akafiwa na mume huko, na siku ya kuhama nyumba yake ilichomwa moto ili asirudi. Akaja Kakese na watoto wawili, mmoja mgongoni, akaingia katika tembe la babu yake, na hakuhama tena.

Jioni ile walikuja watu wa kutoa pole utadhani tumefiwa. Walikaa uani wakitikisa vichwa. Jirani yule aliyelia gulioni alijifuta machozi, akatazama bustani, akauliza kwa upole, "Sasa hayo maboga utamwachia nani?" Mwingine akasema kinu kile ni kizito, njiani kitatusumbua, afadhali kibaki kwake. Nilitamani kuwafukuza kwa mwiko. Mama mkwe aliwasikiliza wote, akawashukuru, akawasindikiza hadi njiani. Aliporudi alishika mlango kwa mikono miwili.

"Safari ile mlango wangu uliungua," aliniambia. "Ulikuwa mzuri kuliko huu. Safari hii hauungui."

Asubuhi, watu wakiwa mashambani, tuliunyanyua. Mimi, yeye na wifi yangu, ambaye alikuwa ameolewa Misunkumilo na mfanyakazi wa reli. Mlango wa namna ile unauinua juu, kigingi cha chini kinatoka, halafu unaomba Mungu usikuangukie. Ukatuangukia. Tulicheka hadi tukakaa chini, mama mkwe peke yake hakucheka. Kisha mimi na wifi tukaubeba hadi Misunkumilo, mmoja mbele mmoja nyuma, tukipishana na watu waliotuuliza kama ndani yake kuna maiti. Wifi aliwajibu, "Ni mchumba." Tukauegemeza nyuma ya nyumba yake, tukaufunika kwa mikeka.

Wakubwa wakaja wiki hiyo hiyo. Bwana Shauri na kaptula yake ya kaki, mjumbe wa Mtemi, karani wa Baraza, na nyuma yao yule tarishi. Bwana Shauri alianza kusifu tangu njiani. Kwa Kiswahili chake cha ofisini, kisichofika mbali, alisema kuta ni imara sana, ua ni safi sana, na sasa angependa kuuona ule mlango ambao amesimuliwa. Mahali pa mlango palining'inia gunia.

"Mama, mlango uko wapi?" karani akauliza.

"Umehama," mama mkwe akasema.

"Umehama kwenda wapi?"

"Nyie si mmesema nyumba itahifadhiwa? Mlango umetangulia. Sisi tunafuata tukishavuna maboga."

Nilibana kicheko. Karani, kijana mstaarabu aliyesoma, akachuchumaa mbele yake akaanza kueleza taratibu. "Mama, kuhifadhi siyo kufukuza. Kuhifadhi ni kutunza. Kitu kisiharibike."

"Kule porini mlitunza nini?"

"Kule tunatunza wanyama, mama."

"Na mimi?"

Bwana Shauri alikuwa anasubiri atafsiriwe, karani hakutafsiri. Mama mkwe hakuinua sauti. Akasema tu kwamba alikuwa anatwanga siku walipokuja kuichoma nyumba yake, mtoto analala, na hata apewe mchele wa dunia nzima hataacha tena mlango wake nyuma. Kicheko changu kilikuwa kimekauka. Nikamwona tarishi, kule nyuma, amevua tarabushi yake na anaizungusha mikononi kama anatafuta mahali ilipoanzia. Ndipo nikaelewa, kabla hata sijaambiwa, nani alikuja siku ile.

Mjumbe wa Mtemi, ambaye alitaka mambo yaishe ale chakula, akapendekeza watafute neno jingine. Wakaanza pale pale uani. Karani akasema, "Itatunzwa." Mama mkwe akauliza itatunzwa na nani, na huyo mtunzaji atalala wapi. Mjumbe akasema, "Italindwa." Mama mkwe akamwambia kwamba askari akianza kulinda nyumba, mwenye nyumba ndiye huzuiwa kuingia. Bwana Shauri mwenyewe, akiwa ameshapata fununu ya kinachoendelea, akajaribu: "Itawekwa." Hilo tulilicheka wote, maana itawekwa wapi, mfukoni?

"Semeni, hatahama mtu," mama mkwe akasema. "Mengine mtajua wenyewe."

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akafikiri, akasema ni sawa kabisa, hakuna aliyewahi kutaka mtu ahame, nyumba bila mwenyewe itakuwa na faida gani? Alionekana ameumia kidogo. Nadhani alisema kweli, na nadhani hata wale wa kwanza porini waliamini wanasema kweli. Wakakubaliana Baraza lilete magogo na vibarua wa kurudishia udongo wa darini kila mwaka kabla ya masika, na sisi tusibomoe wala tusibadilishe paa. Hapo ndipo bati langu lilipokufa. Nilimtazama mume wangu, aliyeomba ruhusa mgodini siku hiyo, naye akatazama angani.

"Na mlango?" Bwana Shauri akauliza.

Mama mkwe akanyoosha midomo kuelekea kwa tarishi. "Ataurudisha yule. Akishatangaza."

Gulio lililofuata debe likapigwa. Tarishi alisimama, akakohoa, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza chumvi: "Tembe la Kakese! Hatahama mtu!" Sijapata kusikia shangwe ya namna ile gulioni. Wanawake walipiga vigelegele. Jirani yetu wa maboga alishangilia kuliko wote, ingawa uso wake ulikuwa na huzuni fulani. Na mara tarishi akazungukwa. Kila mtu alitaka lake litangazwe. Mzee mmoja alimshika mkono akimsihi, "Na banda langu la mbuzi, bwana, nalo lisemee." Alikuwa amesikia maneno mawili tu, na alitaka kuyabeba nyumbani.

Kisha nikampeleka tarishi Misunkumilo. Alikataa nimsaidie. Akatengeneza kata ya majani, akajitwisha mlango kichwani peke yake, mzee yule, akatembea mbele yangu shingo imekakamaa. Nilikuwa nimejiapiza sitamsemesha. Nilikuwa na hasira naye, hasira kubwa, ingawa kilichochomwa hakikuwa changu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Siku ile nilitumwa," akasema.

Nikaendelea kumfuata.

"Sikupiga hodi. Niliona, nyumba ambayo naenda kuichoma, hodi ya nini? Nikaingia tu. Alikuwa anatwanga." Akatembea hatua kadhaa. "Tangu ahamie Kakese nimefika kwake kila mwaka kwa kodi. Hajawahi kuniruhusu kuvuka mlango. Hunilipa nikiwa nje, juani. Simlaumu."

Nikamwambia aangalie mizizi, asijikwae.

Tulipofika Kakese alitua mlango, akapumzika kidogo, akauinua. Kigingi cha juu kikaingia, cha chini kikaingia, babu akakohoa. Mama mkwe alitoka akauangalia, akapitisha kiganja kwenye duara za katikati. Hakumtazama tarishi. Akaingia ndani, akaufunga.

Tukabaki nje, mimi naye. Nilidhani atajifuta jasho aondoke. Badala yake alivua tarabushi, akaishika kifuani, akasogea karibu na ubao.

"Hodi," akasema.

Ndani kimya. Kuku walikuwa wanachakura uani, niliwasikia wote.

"Hodi."

Kimya. Nikaanza kumwomba mama mkwe moyoni, mimi niliyemkasirikia mzee huyu njia nzima. Nilijua hesabu yake. Nilishawahi kusimama pale pale. Tarishi naye aliijua, kwa sababu aliingoja ya tatu kwa muda mrefu, akiangalia miguu yake, na alipoisema sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya debe.

"Hodi, mama."

Tukasikia kigoda kikisogezwa.

"Nani?"

"Mimi. Tarishi."

"Unataka nini?"

"Nataka kuingia," akasema, "kama unakubali."

Mlango ukakohoa.

"Karibu," mama mkwe akasema. "Pita ukae."